Mshahara wa Muuguzi Ndio Maendeleo

"Pesa zote zinaishia kwenye mishahara. Tutaendelea lini?" Swali hili nimelisikia ndani ya matatu, nimelisikia redioni alfajiri, na nimelisikia barazani watu wakitoka kuswali alasiri. Mara ya mwisho nililisikia kwa mjomba wangu, mzee aliyefanya kazi bandarini Mombasa mpaka akastaafu, mtu ninayemheshimu na anayejua hesabu. Alikuwa ameshika gazeti lenye habari za bajeti ya kaunti. "Tazama mwanangu," akaniambia, "watu wachache wanakula fedha ya wengi. Hii ingejenga hospitali ngapi?"

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, pamoja na wote wanaosema kama yeye.

Kabla ya kumjibu, hoja yake niiweke kama anavyoiweka mwenyewe, kwa sababu wanaoiamini si wajinga. Wanasema hivi: serikali ina mfuko mmoja. Shilingi inayolipa mshahara huliwa mwezi huohuo, na mwezi unaofuata hudaiwa tena. Shilingi inayojenga wodi au kununua mashine hubaki, wakaitumia hata wajukuu. Wanasema kaunti zimejazwa watu walioajiriwa kwa undugu na kwa fadhila za kampeni, na majina ya wafanyakazi hewa hayaishi kwenye orodha za malipo. Sheria nayo iko upande wao. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zake za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mwisho wanaleta ushahidi wa macho: zamani mgonjwa wa figo wa kaunti ya mbali alilazimika kufunga safari hadi mji mkubwa, wakati mwingine usiku kucha barabarani, na leo mashine imemfuata karibu na kwao. Ikiwa hayo si maendeleo, wanauliza, basi maendeleo ni nini?

Ni hoja inayovutia, na ninaamini imepotosha matumizi ya fedha za afya nchini Kenya kuliko wizi. Mwizi anajua kwamba anaiba, huficha nyaraka, na siku moja huenda akakamatwa. Kosa hili hupitishwa mchana katika bunge la kaunti, wajumbe wakipiga makofi, na wananchi wakishukuru.

Kwanza: neno limewekwa mahali pasipo pake

Kitabu cha bajeti kina mafungu mawili makubwa, matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Mashine ya eksirei ni maendeleo. Anayeiendesha ni matumizi ya kawaida. Jenereta ni maendeleo. Dizeli yake ni matumizi ya kawaida. Ambulensi ni maendeleo. Dereva, bima na matairi ni matumizi ya kawaida. Wodi ya wazazi ni maendeleo, na mkunga anayempokea mtoto humo saa nane za usiku ni matumizi ya kawaida.

Wahasibu waliotenganisha mafungu hayo walikuwa na sababu yao. Walitaka kujua ni kitu gani kitadumu zaidi ya mwaka mmoja na ni kipi kitakwisha ndani ya mwaka. Hawakusema kwamba kimoja ni chema na kingine ni hasara. Hukumu hiyo tumeiongeza sisi, wapiga kura na wanasiasa, kwa sababu tumelipatia fungu moja jina tukufu na jingine jina la dharau. Nani atasimama jukwaani aombe kura kwa ajili ya "matumizi ya kawaida"?

Sasa fuatilia jina hilo linatufikisha wapi. Chanjo ya surua ni matumizi ya kawaida, na muuguzi anayeidunga vilevile. Mtoto aliyekingwa na surua ataishi, atasoma, atafanya kazi na kulipa kodi kwa miaka arobaini. Katika daftari la mali ya kaunti hayumo. Ukuta uliojengwa kuzunguka zahanati umo, una namba yake na thamani yake. Kitabu hakina kosa kwa kuandika hivyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Kosa ni letu tunaokisoma tukidhani kwamba kisichoandikwa kama mali hakikujenga kitu.

Ndiyo maana mashine nyingi huingia hospitalini zikiwa yatima. Fedha ya kuinunua mashine imo kwenye fungu linalopendwa, na fedha ya kuitunza imo kwenye fungu ambalo kila mwaka tunaapa kulipunguza. Mjomba akisema kata mishahara ujenge, anaomba bila kujua kwamba tuzae na tukatae kulea.

Pili: mashine zilivyogawanywa

Februari 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa muda wa miaka 7. Thamani yake ilikuwa shilingi bilioni 38. Vilikuwa vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya kutakasa zana, vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vya wagonjwa mahututi, na vya eksirei. Hospitali 98 zilipangiwa: mbili katika kila kaunti kati ya kaunti 47, na nyingine nne. Afya ilikuwa imegatuliwa tangu 2013, kwa hiyo hospitali hizo za kaunti zilikuwa mikononi mwa magavana. Magavana wengi walisita kutia saini, wakitaka kujua ni nani aliyeuliza hospitali zao zinahitaji nini. Mwishowe walitia saini. Kila kaunti ikawa inakatwa karibu shilingi milioni 95 kwa mwaka, na kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 makato hayo yalikuwa yamepanda hadi shilingi milioni 200.

Tuanze na huo mgao wa mbili kwa kila kaunti. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 143,920 katika Lamu na watu 1,867,579 katika Kakamega. Kakamega ina watu karibu mara 13 ya Lamu. Zote mbili ziliwekwa kwenye mgao mmoja na ada moja. Aliyegawa hivyo alikuwa na ramani mbele yake, na hakuwa na orodha ya wagonjwa. Kama angekuwa nayo angeuliza ni kina mama wangapi wanahitaji upasuaji wa uzazi hapa, ni majeruhi wangapi wa barabarani wanafikishwa pale, nani tayari ana mashine na hana mtu wa kuiendesha, na nani ana mtu lakini hana mashine.

Kisha tazama kilichotokea mashine zilipofika. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mradi huo, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta vifaa visivyotumika katika hospitali ambazo hazikuwa na umeme wa kutosha, au maji, au chumba kinachofaa, au mtaalamu wa kuvitumia. Kaunti ziliendelea kukatwa ada. Soma tena sentensi hiyo, mjomba. Fedha za umma zililipia mwaka baada ya mwaka mashine ambazo hazikuwashwa, na fedha hizo zilikatwa kwenye mafungu ya kaunti zilezile zilizoambiwa hazina uwezo wa kuajiri.

Chukua mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa ndiyo inayotolewa mfano kila mara. Mgonjwa mmoja, katika kikao cha saa nne, hutumia takriban lita 120 za maji yaliyochujwa kwa mtambo wake maalumu. Anahitaji vikao viwili au vitatu kila wiki, wiki zote, hadi apate figo nyingine au afariki. Kwa saa zote nne anahitaji muuguzi aliyesomea kazi hiyo awe karibu, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, mgonjwa akazimia mbele ya mashine inayofanya kazi vizuri kabisa. Maji, chujio, dawa ya kuzuia damu isigande, umeme usiokatika, muuguzi: vyote vinaangukia kwenye matumizi ya kawaida. Kilichoitwa maendeleo katika chumba kile ni sanduku moja lenye skrini.

Hapo pana ukinzani ambao watetezi wa hoja hii hawajaujibu. Wanasema mshahara ni mbaya kwa kuwa huliwa na kesho hudaiwa tena. Kukodi nako ni kulipa kila mwaka. Ada ya mwaka huu haifuti ya mwaka ujao. Kwa asili yake ada hiyo ni ndugu wa mshahara. Hata hivyo mshahara uliitwa mzigo, na ada ya kukodi ikaitwa maendeleo. Nimefanya hesabu ndogo. Ukimlipa muuguzi shilingi 80,000 kwa mwezi, marupurupu yakiwemo, shilingi milioni 200 zinaajiri wauguzi zaidi ya 200 kwa mwaka mzima. Wauguzi 200 katika kaunti moja! Pwani kuna zahanati ambazo zina muuguzi mmoja, na siku akiugua mlango hufungwa.

Katika miaka hiyohiyo zilinunuliwa kliniki 100 za kontena, kwa shilingi milioni 10 kila moja, ili zipelekwe katika mitaa ya watu wenye shida. Zilishushwa bandarini Mombasa na kupelekwa eneo la Miritini. Zilikaa hapo miaka, majani yakaota kuzizunguka. Wengi wanaikumbuka kashfa ile kama habari ya ununuzi, na ni kweli maswali ya ununuzi yalikuwepo. Mimi naikumbuka kwa jambo jingine. Tuseme kila shilingi ilitumika kihalali, na kila kontena lilifikishwa mtaani. Nani angekaa ndani yake?

Mwaka 2018 serikali yenyewe ilijibu swali hilo bila kukusudia. Ilileta madaktari 100 kutoka Kuba na kuwasambaza angalau wawili kwa kila kaunti. Ilikiri kwamba hospitali zina upungufu wa wataalamu, wakati ambapo chama cha madaktari kilikuwa kinalalamika kwamba kuna madaktari Wakenya waliokaa nyumbani bila ajira.

Tatu: siku 100

Wanaoamini kwamba jengo na mashine ndiyo hospitali walipata nafasi ya kuijaribu imani yao. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma walianza mgomo, na haukuisha mpaka Machi 14, 2017. Siku 100. Miezi michache baadaye, Juni 2017, wauguzi nao waligoma, na mgomo wao ukadumu miezi mitano.

Katika siku hizo hakuna wodi iliyobomoka. Vitanda vilikuwa mahali pake. Vifaa vya bilioni 38 vilikuwa vimekwisha kuanza kuwekwa. Taa ziliwaka. Hata hivyo wagonjwa walirudishwa kutoka malangoni, waliokuwa na fedha wakaenda hospitali za kibinafsi, na wasiokuwa nazo wakarudi nyumbani. Kila kilichoitwa maendeleo kilikuwepo. Hospitali haikuwepo.

Sasa geuza jaribio. Mwondolee muuguzi jengo, umwachie sanduku la barafu lenye chanjo, meza na daftari, umweke chini ya mwembe. Kufikia adhuhuri atakuwa amechanja watoto wa kijiji kizima. Kila aliyekulia kijijini ameliona jambo hili, na wengi wetu tulichanjwa hivyo. Sisemi wauguzi wafanye kazi chini ya miti. Nasema kati ya mti ulio na muuguzi na jengo lisilo na muuguzi, mgonjwa anajua aende wapi, na bajeti ndiyo isiyojua.

Nne: "lakini mishahara ni mingi mno"

Hapa mjomba ana nguvu zaidi, na sitamkwepa. Wafanyakazi hewa wapo. Kuna ofisi zenye washauri ambao hakuna ajuaye wanamshauri nani. Jamaa za wakubwa wameajiriwa kwenye nafasi zisizo na kazi.

Lakini dawa ya jina hewa ni kulifuta hilo jina. Unahesabu watu, unakagua sajili, unamshtaki aliyeliingiza. Tunachofanya badala yake ni kuweka kiwango kimoja kwa wote, asilimia 35, kisha tunasimamisha ajira. Anayeathirika na amri ya kusimamisha ajira ni nani? Jina hewa tayari limo ndani. Mshauri wa gavana tayari yumo. Anayebaki nje ni mkunga aliyehitimu mwaka jana. Kaunti inayotaka kupunguza orodha yake ya malipo humwacha shemeji na kumkosa muuguzi, kisha huonyesha asilimia iliyoshuka kama ushahidi wa nidhamu.

Ushahidi wa jinsi tunavyokata mahali pasipo pake ulijitokeza mwaka 2024. Katikati ya Machi madaktari waligoma tena, safari hii kwa siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari wanagenzi. Makubaliano ya 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yaliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Mgomo ukiwa bado unaendelea, mwezi wa Aprili, viongozi walikutana katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, katika kongamano la kitaifa kuhusu mzigo wa mishahara, na lengo likatangazwa la kuufikisha kwenye asilimia 35 ya mapato kabla ya mwaka 2028 kwisha. Katika nchi ambayo kila mtu anajua mishahara minono imekaa wapi, mfano wa kwanza wa kubana matumizi ukawa kijana anayelala wodini usiku.

Fikiria gharama yake. Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 6. Wengi husomeshwa kwa fedha za umma, pamoja na ng'ombe na mashamba ya wazazi. Bila mwaka mmoja wa uanagenzi hapati leseni kamili ya kutibu. Ukimzuia asiupate mwaka huo, au ukimfukuza kwa malipo asiyoweza kuyakubali, umeitupa miaka 6 ili uokoe mmoja. Mfanyabiashara wa duka angefanya hivyo tungemshauri aache biashara.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Uingereza wauguzi Wakenya wasio na ajira. Siwalaumu waliokwenda. Wana watoto na wana madeni, na kule wanalipwa. Ninachouliza ni jinsi gani nchi yenye zahanati za muuguzi mmoja inaweza kuwa na wauguzi wa ziada. Hawakuwa wa ziada wodini. Walikuwa wa ziada kwenye lile fungu la bajeti tuliloapa kulipunguza. Gharama ya kuwasomesha tumelipa sisi. Matunda wanayavuna wagonjwa wa Uingereza. Kwa wauguzi kama hao shilingi ya umma haikupotea kwa kulipwa mshahara. Ilipotea kwa kutolipwa.

Na wale maelfu ya wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote, katikati ya janga la korona? Walipewa mikataba ya miaka mitatu, kama vile ugonjwa ungeisha baada ya miaka mitatu. Baadaye waliandamana mara kwa mara wakidai ajira ya kudumu. Binadamu aliwekwa kwenye mradi ili asionekane kwenye orodha ya mishahara.

Tano: gharama haikufutwa, imehamishwa

Shangazi yangu alianguka uani kwake siku ya Ijumaa jioni, akaumia nyonga. Tulimpeleka hospitali ya umma iliyo karibu. Mashine ya eksirei ilikuwepo, tena mpya. Niliiona kwa macho yangu kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, imefunikwa shuka jeupe. Mtaalamu wa kuiendesha alikuwa mmoja, naye alikuwa amemaliza zamu zake za wiki. Tuliambiwa turudi Jumatatu. Muuguzi aliyetuambia hivyo alikuwa peke yake kwenye wodi mbili, na alituomba radhi kama mtu aliyekosa yeye.

Tulimbeba shangazi kwenye gari la kukodi hadi kliniki ya kibinafsi, kila shimo la barabara likimtoa kilio. Tukalipa gari, tukalipa picha, tukalipa daktari wa kuisoma picha. Mwanawe akauza mbuzi wawili.

Kwenye vitabu vya kaunti, tukio hilo halimo. Vitabu vinaonyesha mashine imenunuliwa na mshahara wa mtaalamu wa pili umeokolewa. Vyote viwili vinasomeka kama mafanikio. Gharama halisi imeandikwa kwenye zizi la binamu yangu. Hivyo ndivyo uokoaji wa namna hii unavyofanya kazi: fedha inaondolewa kwenye bajeti inayokaguliwa na kuingizwa kwenye bajeti ya maskini ambayo hakuna anayeikagua. Ukienda wodini utaona jamaa za wagonjwa wametumwa dukani kununua glavu, uzi wa kushonea na dawa, kwa sababu kaunti ina madeni kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, na ghala la dawa ni tupu. Dawa nazo, ukumbuke, ni matumizi ya kawaida.

Sita: "tujenge kwanza, watu watafuata"

Huu ni mstari wa mwisho wa utetezi na tunao ushahidi wa miaka mingi dhidi yake. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi wa barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kwamba katika miaka ishirini barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimeharibika, na kwamba matengenezo ya kuzuia uharibifu huo yangegharimu chini ya dola bilioni 12. Zilijengwa kwanza, matengenezo yangefuata, hayakufuata. Kenya ilijifunza jambo hilo kwenye lami. Mwaka 1993 ikaweka ushuru wa mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara, na tangu Julai 2024 kila lita inatozwa shilingi 25. Kwa barabara tumekubali kwamba kutunza ni kazi ya kudumu inayohitaji fedha ya kudumu. Barabara imepata haki ambayo wodi haijapata.

Jirani zetu Tanzania walijaribu njia hiyohiyo kwa moyo mkubwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wanakijiji walisomba mawe na mchanga, wakainua kuta. Mengi ya majengo hayo yalibaki maboma kwa miaka, na hata yaliyoezekwa yalisubiri watumishi. Nguvu za watu wale hazikuwa na kasoro. Aliyewaambia waanze na ukuta ndiye aliyewakosea.

Sababu ya sisi kuendelea kuanza na ukuta naijua, na mjomba anaijua. Jengo huzinduliwa kwa utepe, likapigwa picha, na kuwekwa jiwe lenye jina la kiongozi. Zabuni yake ni fedha nyingi inayopita kwa watu wachache kwa mara moja. Mishahara ya wauguzi 200 hugawanyika katika nyumba 200, kila mwezi, kila mmoja na jina lake na namba yake ya kitambulisho. Ni vigumu kuimega. Mzee anayechukia ulaji angepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mjomba, kaunti haiwezi kujenga hospitali kwa kuwanyima watu kazi ndani ya hospitali. Kila mwaka makadirio ya bajeti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa wananchi wanatakiwa wasikilizwe. Mwaka huu twende pamoja. Kila jengo na kila mashine ikitajwa, nyoosha mkono uulize: nani ataajiriwa kufanya kazi humo, mshahara wake uko ukurasa gani, na umeme na matengenezo yatalipwa na fungu lipi? Wasipokuonyesha ukurasa, likatae jengo hilo, hata kama limepangwa kujengwa mtaani kwetu. Ukumbi uko wazi kwa kila mkazi, na hakuna anayehitaji kadi ya mwaliko.